Barafu ya Alps hurudi kila Januari, ya Rwenzori hairudi

Mfanyabiashara wa Kampala anayevuka Malaba au Mutukula mara mbili kwa mwezi ana ujuzi ambao wapanda milima wengi hawana. Anajua kuuliza mzigo unatoka wapi, unafika lini, na ukiisha utarudi au hautarudi. Maswali hayo matatu yanatosha kumaliza ubishi wa vijana wa mjini wenye kipato cha kati, wale waliokwisha kupanda Elgon na Muhavura na sasa wanataka kugusa barafu. Wanabishana juu ya kijiji gani cha milima ya Alps kinafaa kwa safari ya kwanza ya kupanda barafu.

Jibu ni Cogne, Italia. Lakini Cogne iwe safari ya pili. Ya kwanza iwe Kasese.

Kupanda barafu kwa namna ya Ulaya ni kupanda ukuta. Maji ya maporomoko huganda yakiwa bado yananing'inia kwenye mwamba, na mpandaji hukwea nguzo hiyo kwa mashoka mawili mafupi mkononi na kramponi miguuni, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti. Anachoma shoka, anapiga teke, anasimama, anachoma tena. Njiani anakaza skrubu za chuma ndani ya barafu na kupitisha kamba ili akiteleza asifike chini. Ugumu hupimwa kwa herufi WI na namba. Mwanagenzi huanza na WI2, na akimaliza wiki yake ya kwanza anapanda WI3 bila kutetemeka sana, basi amefanya vizuri.

Kwa kazi hiyo Alps hazina mpinzani katika eneo hili. Chamonix, Ufaransa, ndiyo yenye jina kubwa, ina viongozi wengi na karibu yake, Argentière, kuna mahali padogo pa kujifunzia ambapo mtu hushuka na kupanda siku nzima. Tatizo la Chamonix ni bei na msongamano. Mtu hulipia jina, kama anayenunua nguo ileile kwenye duka la Acacia wakati ipo Kikuubo. Kandersteg, Uswisi, ina maporomoko marefu na ya kupendeza, ila mengi ni ya watu waliokwisha kuiva. L'Argentière-la-Bessée, kusini zaidi upande wa Ufaransa, ina bonde la Fournel na tamasha la Januari ambapo wageni hujaribu vifaa na kufundishwa pamoja. Hapo si pabaya hata kidogo kwa mgeni.

Cogne inashinda kwa sababu za kawaida kabisa. Kijiji kiko mita 1,500 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kichwa hakiumi. Mabonde yake ya Valnontey na Valeille yana zaidi ya njia mia moja za barafu, nyepesi na ngumu, na maporomoko ya Lillaz yako karibu sana na nyumba za watu. Mwanagenzi anaweza kupanda asubuhi, akala mchana mezani, na jioni akalala kitandani. Wakati mzuri ni kati ya nusu ya pili ya Januari na nusu ya kwanza ya Februari.

Sasa gharama. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi hata ombi likikataliwa. Inatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000, karatasi za benki, uthibitisho wa malazi na, kwa mfanyabiashara, hati za biashara zinazoonyesha kwamba ana sababu ya kurudi nyumbani. Wafanyabiashara wa mipakani wanaufahamu uchungu wa karatasi kuliko mtu yeyote, na wengi wao wana fedha zinazozunguka kwenye simu na kwenye mzigo kuliko zinazolala benki. Afisa wa ubalozi haoni mzigo ulioko Busia. Anaona salio. Mtu anaweza kulipa kila kitu, akangoja, na Januari ikapita.

Lakini viza si sababu kubwa ya kuanza na Kasese. Viza ni kero, na kero hupita. Sababu kubwa ni swali la tatu la mfanyabiashara: mzigo huu ukiisha, utarudi?

Barafu ya Cogne ni mzigo wa msimu. Huingia Desemba, huisha Machi, na Desemba nyingine huingia mpya. Winta yenye joto huharibu msimu, na miaka ya karibuni imeharibu kadhaa, lakini maji yapo na baridi ipo, na nguzo hujengeka tena. Barafu ya Rwenzori ni shehena iliyowekwa ghalani zamani na hakuna lori linaloleta nyingine. Kila mwaka inatolewa, hakuna kinachoingizwa.

Hesabu yake inajulikana. Mwaka 1906, alipofika Luigi Amedeo, Mwanamfalme wa Abruzzi, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu ya kudumu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kwa jumla ilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba. Mwaka 1987 zilikuwa zimebaki kama kilomita 2, na mwaka 2003 takriban kilomita moja. Emin, Gessi na Luigi di Savoia zilikuwa zimekwisha kubaki mwamba mtupu, na tangu hapo Speke na Baker zimekuwa zikifuata njia hiyohiyo. Oktoba 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema kwamba mwendo huu ukiendelea, barafu ya Afrika yote itakuwa imetoweka kufikia miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya itatangulia kwa takriban miaka kumi. Mwaka uliofuata UNESCO ilitoa onyo kama hilo kwa maeneo yake ya urithi wa dunia, Rwenzori likiwemo.

Kijana wa Kampala mwenye miaka thelathini leo anaweza kwenda Cogne akiwa na hamsini. Huenda asiweze kwenda kwenye barafu ya Stanley akiwa na hamsini. Mwanawe ndiyo kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoota Alps hawaambiwi. Alps zenyewe zilikwisha kuja hapa. Mwanamfalme wa Abruzzi hakufika kilele cha Margherita, mita 5,109, tarehe 18 Juni 1906 kwa miguu yake peke yake. Alikuja na viongozi kutoka Courmayeur, katika Bonde la Aosta, bonde lilelile iliko Cogne. Miongoni mwao walikuwa Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel. Ollier na Brocherel hawakuwa wageni Afrika Mashariki, kwani miaka saba kabla, mwaka 1899, ndio waliomfikisha Halford Mackinder kwenye kilele cha Batian cha Mlima Kenya. Watu walewale wawili, milima miwili mikubwa ya eneo hili, kazi ya kuuza ujuzi kuvuka mipaka. Wabakonzo waliobeba mizigo ya msafara ule kupita matope hawakuandikwa majina vitabuni kama Waitalia hao, ingawa mlima ulikuwa wao. Kwa Kikonzo theluji ni nzururu, na jina lenyewe la Rwenzururu linatokana nayo. Watu hao walikuwa na neno la theluji kabla ya mgeni yeyote kuja kuwaambia kwamba ipo.

Basi Rwenzori ikoje kwa mwanagenzi? Lazima isemwe wazi kwamba si shule nzuri. Safari ya Margherita huchukua siku saba hadi nane, ama kwa njia ya kati kutoka Nyakalengija, ama kwa njia ya Kilembe. Siku nyingi kati ya hizo ni matope. Kinamasi cha Bigo kimewafanya hata wapandaji wa Ulaya wavae gambuti kama wauza samaki. Mvua hunyesha wakati wowote, na ukungu hufunika mlima ghafla mtu akiwa bado anatafuta kamera. Kibanda cha Elena, kituo cha mwisho kwenye njia ya kati, kiko mita 4,541, mahali ambapo usingizi ni mgumu na chakula hakipiti. Baada ya taabu yote hiyo mtu hupata saa chache tu juu ya barafu: Uwanda wa Stanley kwanza, kisha kushuka, kisha barafu ya Margherita iliyoinama zaidi. Hapo mtu hutembea kwa kramponi akiwa amefungwa kamba na wenzake. Hapandi ukuta. Na kwa kuwa barafu imerudi nyuma na kuacha mwamba wazi, sehemu zilizokuwa za kupita kwa shoka sasa zinahitaji ngazi na kamba zilizofungwa.

Kwa siku moja ya Lillaz mwanagenzi atachoma shoka mara nyingi kuliko safari nzima ya Rwenzori. Wanaosema Alps zinafundisha vizuri zaidi wanasema kweli. Kosa lao ni kudhani kwamba kujifunza haraka ndilo jambo pekee la kupima. Anayejua kwamba duka moja linafunga mwaka huu na jingine litakuwa wazi miaka yote, haanzii kwenye lile lenye rafu nadhifu.

Pia kutembea kwa kramponi na kamba si kitu kidogo. Mtu anayejifunza kuweka mguu bapa kwenye barafu, kuweka kamba isilegee, kutambua ufa uliofunikwa na theluji na kumsikiliza kiongozi anaposema turudi, anafika Cogne akiwa na nusu ya somo mfukoni. Wengi wanaoanzia kwenye ukuta mfupi karibu na barabara hukosa nusu hiyo. Na hakuna mahali ambapo barafu ya mlimani ni mchezo. Julai 2022 kipande cha barafu cha Marmolada, Italia, kiliporomoka na kuua watu 11 waliokuwa kwenye njia ya kawaida, katika nchi yenye waokoaji na helikopta tele.

Watetezi wa Mlima Kenya na Kilimanjaro watauliza kwa nini Rwenzori na si kwao. Mlima Kenya ulikuwa na hoja nzito. Njia yake ya Diamond Couloir, iliyopandwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder na Thumbi Mathenge, ilikuwa miongoni mwa njia za barafu zilizosifiwa duniani, na watu walitoka Alps kuja kuifuata. Leo mara nyingi haina barafu ya kutosha. Ikijengeka, ni kwa muda mfupi na ni ya wataalamu. Barafu ya Lewis, ambayo vizazi vya Wakenya waliipita wakielekea Lenana, imebaki kipande. Kilimanjaro ndiyo mrefu kuliko yote, mita 5,895, lakini wengi wanaofika Uhuru wanaiona barafu pembeni ya njia na hawaigusi hata kwa kidole. Kuta zake za barafu, kama ile ya Breach aliyopanda Reinhold Messner mwaka 1978, hazimhusu mwanagenzi. Rwenzori peke yake ndiko mtu wa kawaida, akiwa na kiongozi, bado anapita juu ya barafu yenyewe ili afike kileleni.

Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna nafuu nyingine. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda hutoza ada za mbuga kwa madaraja, na raia wa Jumuiya hulipa kwa shilingi, chini sana ya mgeni wa mbali. Mkenya na Mnyarwanda huingia Uganda kwa kitambulisho tu, utaratibu ulioanza 2014. Kutoka Kampala hadi Kasese ni basi la usiku mmoja. Wafanyabiashara wa Beni na Butembo wanaovuka Mpondwe wako karibu zaidi kuliko Wakampala wenyewe, kwani mlima wanauona wakati wanapanga foleni, na lugha ya Wanande wanayozungumza ni ndugu wa Kikonzo. Kilele cha Margherita kiko juu ya mpaka wenyewe. Upande wa Kongo kuna njia ya kutoka Mutwanga, ndani ya mbuga ya Virunga, lakini kwa usalama ulivyo huko miaka hii, mwenye akili atapita Uganda. Uganda nayo inajua hasara ya vita mlimani: mbuga ya Rwenzori ilifungwa 1997 hadi 2001 kwa sababu ya waasi wa ADF, na ile ilikuwa miaka ambayo barafu ilikuwa nyingi kuliko leo.

Hapa ndipo suala la mpandaji linapokuwa suala la msomaji wa gazeti hili ambaye hana mpango wa kupanda chochote zaidi ya lori. Viongozi wa Kasese wanaojua kufunga kamba kwenye barafu ni wachache, na bidhaa wanayouza inaisha. Barafu ikitoweka, ujuzi wao wa kamba, wa mwinuko na wa uokoaji utabaki, na ungeweza kuuzwa Naro Moru au Marangu. Itifaki ya Soko la Pamoja inatumika tangu Julai 2010. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana mikataba ya kutambuana katika nchi za Jumuiya. Viongozi wa milima hawana. Zaidi ya hapo, Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na kuongoza watalii kumo kwenye orodha, pamoja na rejareja, ufundi wa simu na ununuzi wa mazao shambani. Wafanyabiashara wa mipakani walilalamikia sehemu ya rejareja kwa sauti kubwa, na walikuwa na haki. Kipengele cha waongoza watalii kilipita karibu kimya.

Tanzania ina sababu zake. Vijana wa Moshi na Arusha nao wanatafuta kazi, na hakuna serikali inayopenda kuona mgeni akichukua mteja mlangoni. Lakini mwaka 1906 Mwitaliano aliuza ujuzi wake Ruwenzori baada ya kuuza Kenya, na hakuna aliyemuuliza kibali. Mbakonzo wa leo, raia wa Jumuiya, hawezi kuvuka na ujuzi uleule. Mawaziri wa utalii wa eneo hili wanapenda kwenda kwenye maonyesho ya Ulaya na kuuza milima mitatu katika vibanda vitatu vilivyopeana mgongo. Cheti kimoja cha kiongozi wa mlima kinachotambuliwa Kasese, Nanyuki na Moshi kingegharimu chini ya kibanda kimoja, na kingewekwa sasa, wakati bado kuna barafu ya kuwafundishia vijana wapya.

Anayeamua kwenda ana mambo machache ya kupanga. Miezi yenye mvua pungufu ni Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Makoti mazito ya theluji yanapatikana kwenye belo za Owino, yaliyovaliwa kwanza na watu wa nchi hizohizo za Alps, na mengi bado ni mazima. Kununua koti hapo ni busara. Kamba, mkanda wa kiunoni na kramponi visinunuliwe mtumba kabisa, kwa sababu hakuna anayejua kamba hiyo ilikamata maanguko mangapi. Hivyo vikodishwe kwa wanaoendesha safari, na mteja aviangalie Kasese kabla ya kulipa salio, si Elena usiku. Buti gumu la barafu libebwe na mpagazi, na gambuti zivaliwe hadi juu. Swali la kumuuliza mwenye kampuni ni moja: kuna mazoezi ya kramponi na kamba kabla ya usiku wa kilele, au mteja atafundishwa gizani akiwa anatweta? Anayejibu kwa kukwepa aachwe, hata kama bei yake ni nzuri.

Na wakati wa kushuka, jua likiwa limetoka na kikundi hakijachoka sana, kiongozi aombwe nusu saa zaidi pale Uwanda wa Stanley, pembeni mahali salama, shoka mkononi na kamba imekazwa. Viongozi wengi hukubali wakiombwa kwa adabu siku moja kabla, ili waanze safari mapema kidogo na wasigongane na ukungu wa mchana.